Mshauri Asiyeshauri

Neno lenyewe linatuchanganya. Tunasema ushauri nasaha, na kwa kawaida ushauri maana yake ni kwamba anayejua anamwambia asiyejua la kufanya. Halafu unaingia kwa mshauri, unakaa, unamwaga yako yote, na mwisho anakuuliza, "Wewe mwenyewe unaonaje?" Vijana kadhaa ninaowajua hapa Kakamega hawakurudi baada ya swali hilo. Mmoja aliniambia afadhali kinyozi wake, yeye angalau ana jibu.

Chini ya lalamiko hilo kuna swali zito: mtu mzima akiwa na shida, anayetaka kumsaidia anamdai nini na anadaiwa nini? Ampe jibu, au ampe nafasi ya kulitafuta?

Huku kwetu majibu hayajawahi kuadimika. Nenda Khayega siku ya kupiganisha fahali. Wawili wamefungana pembe, nyuma ya kila mmoja kuna umati, filimbi, isukuti, fimbo juu, kila mtu anapiga kelele kuhusu pa kuelekea. Fahali haulizwi kitu. Mtu mzima mwenye shida naye ni hivyo hivyo. Mjomba anavuta huku, pasta anavuta kule, kikundi cha WhatsApp cha familia hakilali. Ukiwa na miaka ishirini na kitu, bila mke, bila shamba, bila cheti, ndio kabisa. Utu uzima wako uko kwenye kitambulisho tu.

Sisemi hivyo kudharau mashauri ya wazee. Jirani zetu Wabukusu wana kumuse. Mzee wa heshima akishazikwa, watu hukusanyika, na msemaji husimama katikati, hutembea akiwa na fimbo yake, huongea kwa muda mrefu: historia ya ukoo, maonyo, mawaidha kwa walioachwa. Watu hukaa kimya wakasikiliza. Si kila mtu anaweza kuifanya kazi hiyo. Hutoka katika koo fulani. Kwa hiyo wazo la mshauri mwenye sifa maalum halikuletwa na ndege. Lakini angalia anaongea na nani. Anaongea na umati ulioumizwa na kifo kimoja. Maneno yake ni ya wote, na ndiyo maana yanaponya. Uamuzi wa mtu mmoja kuhusu maisha yake ni kitu kingine.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Nilishauriwa na watu wengi kiasi kwamba ningeweza kuandika kitabu. Baadaye nilienda kwa mshauri mmoja hapa mjini, mama aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi kabla ya kusomea kazi hii. Nilifikiri mwalimu atanirudisha darasani mbio. Hakufanya hivyo. Kikao cha pili nikakasirika, nikamwambia nimelipa nauli na pesa yake nipate jibu. Akaniuliza, "Ukirudi, nani atakuwa amekaa kwenye lile darasa saa mbili asubuhi?"

"Si ni mimi, mwalimu."

"Basi huyo ndiye sijamsikia. Wengine wote nimewasikia kupitia kwako."

Sikupata jibu siku hiyo. Ila niligundua kwamba kwa miezi nilikuwa nabeba kesi ya baba, ya mama na ya majirani, na upande wangu haukuwa na wakili.

Kuna wenye kusema hii ni mambo ya wazungu. Ni kweli Carl Rogers, Mmarekani aliyeifanya njia hii ijulikane kuanzia miaka ya 1940, aliamini mwenye shida ndiye anayejua inapouma. Yeye mwenyewe alianza chuo akisomea kilimo, akaenda theolojia, akaishia saikolojia. Labda mtu aliyebadilisha njia mara mbili huwa mpole kwa wanaotafuta yao. Lakini je, mawazo yake yanatufaa sisi, ambao maisha ya mtu yamefungwa na ya ukoo mzima?

Harare walilijaribu swali hilo kwa vitendo. Mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mradi wa Benchi la Urafiki pamoja na wanawake wazee wa mtaa wa Mbare. Walifundishwa kusikiliza, kisha kumsaidia mgeni achague shida moja kati ya nyingi na atafute hatua ya kuanzia. Fikiria hilo: bibi, mwenye kibali cha jamii nzima cha kukuambia ufanye nini, anakaa kwenye benchi nje ya kliniki na kukuuliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573 katika kliniki 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Umri wake haukutupwa. Uliwapa watu imani ya kufungua mdomo.

Rafiki yangu mmoja hakubaliani. Anasema kuuliza "unaonaje" ni anasa. Mwanamke anayepigwa kila wiki hahitaji swali, anahitaji mtu wa kumwambia "toka leo". Hapo nakubali. Pale uhai ulipo hatarini, mshauri anayebaki katikati ameshachagua upande. Lakini hata hapo, kusikiliza kunatangulia. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria zetu za jinai kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Hiyo ndiyo hukumu inayotangulia masikio: mtu anakuja na maumivu, anakutana na polisi. Nani angefungua mdomo?

Kwa hiyo ukimtafuta mshauri, uliza vyeti, bila aibu. Tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na inataka wasajiliwe. Uliza pia alikuwa nani kabla ya vyeti. Lakini karatasi wala mvi hazitakuambia kitu kimoja: kama anaweza kuvumilia uchague asichokipenda. Huo ndio mtihani wa maadili katika kazi hii, na ni mgumu zaidi kwa mtu mwema, kwa sababu anakutakia mema na anadhani ameshayaona.

Mpe swali kikao cha kwanza, kwa adabu: "Nikiamua kinyume na unavyoona, tutaendeleaje?" Kisha mtazame anavyolipokea. Akianza kukuhubiria, tayari unao mjomba wa kazi hiyo, na yeye hatozi kitu.