Programu Nimeitengeneza Mwenyewe, Dhambi Iko Wapi?



Vijana wenzangu wa Karagwe na Kyerwa, na ninyi mnaosoma mkiwa mbali na nyumbani, leo tuzungumze kuhusu gemu. Msicheke. Kuna swali limenijia zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho aliyeniuliza alisubiri wenzake wote wa VIWAWA waondoke kwanza, ndo akasema.

Anacheza gemu ya kupigana mtandaoni, kwenye simu. Amejifunza mwenyewe kuandika programu ndogo ya kubofya: badala ya kidole chake kugonga kioo, programu inagonga, na silaha inafyatuka kwa kasi ambayo kidole cha binadamu hakiifikii. Anashinda sana siku hizi. Hoja yake ilikuwa fupi: sijaiba, sijanunua kwa mtu, nimetengeneza kwa akili yangu mwenyewe, sasa dhambi iko wapi?

Kiukweli, nilianza kwa kumpongeza. Kijana wa kwetu anayejifundisha kuandika programu bila mwalimu, na simu ya bei ndogo, siyo wa kumkemea kabla hujamsikiliza. Kanisa halina ugomvi na kipaji hicho. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza Carlo Acutis kuwa mtakatifu, kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15. Alikuwa akijifunza kompyuta mwenyewe, akatengeneza tovuti kuhusu miujiza ya Ekaristi, na PlayStation alikuwa nayo. Inasimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu ya kucheza kwa wiki. (Saa moja kwa wiki! Nikiwauliza ninyi mnacheza saa ngapi likija bando la usiku, tutaharibiana siku. Tuliache.)

Kwa hiyo kutengeneza kifaa siyo tatizo. Ila neno "mwenyewe" halijibu swali. Linatuambia kifaa kimetoka wapi, halituambii kinamfanyia nini mtu wa pili.

Tutumie kitu tunachokijua. Nyumbani unaweza kujiundia mizani ya mti na kamba, ukapima karanga zako za kupika, na hakuna atakayekuuliza. Lakini msimu ukifika, ukakaa barabarani kununua kahawa ya maganda kwa mama fulani, mizani yako inatakiwa iwe imekaguliwa na Wakala wa Vipimo. Kwa nini? Kwa sababu sasa mko wawili, na wote wawili mmekubali kuamini kitu kimoja. Ukileta ya kwako uliyoichezea, huwezi kumwambia yule mama kwamba umeitengeneza kwa akili yako. Atakujibu ndiyo, naona, ndo maana kilo zangu zimepungua. Na tuwe wakweli, kuchakachua hakuko upande wa mnunuzi peke yake. Wapo wakulima wanaochanganya mawe kwenye gunia, na wanaouza kahawa ambayo haijakauka ili uzito upande. Kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mwizi. Sheria ya Musa, kwenye Kumbukumbu la Torati sura ya 25, inamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Ona inapoanzia: mfukoni, hata kabla jiwe halijatumika.

Gemu ya mtandaoni ipo hivyo hivyo. Unapocheza na watu, kanuni ndiyo mizani mliyokubaliana. Ulipobonyeza "nakubali" siku ya kwanza (najua hukusoma, karibu hakuna anayesoma) uliingia kwenye makubaliano na kampuni, na kupitia hiyo na kila mchezaji utakayekutana naye. Mtume Paulo anamkumbusha Timoteo, katika waraka wa pili, sura ya 2, kwamba mwanamichezo hapati taji kama hakushindana kwa kufuata kanuni. Mshindi anaweza kuwa na nguvu kweli, na mbio akawa ameshinda kweli, lakini taji hana.

Sasa, kila msaada ni udanganyifu? Hapana, na hapa naomba tusiwe wepesi wa kuhukumu. Daftari unaloandikia silaha ipi inafaa umbali gani, hilo ni kusoma. Kupanga vitufe upya kwenye mipangilio ya gemu yenyewe, kushusha ubora wa picha ili simu isikwame, hivyo umepewa na mwenye mchezo. Tofauti inaanza pale kifaa kinapofanya ile kazi ambayo mchezo unakupima wewe uifanye, au kinapokuonyesha kitu ambacho mwenzako amefichiwa.

Na mara nyingine jibu linategemea kanuni ya mahali ulipo. Mfano mzuri ni chesi. Kwenye tovuti za Lichess na Chess.com kuna michezo ya kuchezwa siku nyingi, hatua moja leo, nyingine kesho, na huko unaruhusiwa kufungua vitabu vya mianzo ya mchezo. Kwenye mchezo wa dakika kumi, kitabu kilekile ni kosa. Na programu ya kukuchagulia hatua imekatazwa kote kuwili. Kwa hiyo usinitumie tena jina la programu ukiuliza kama ni dhambi au siyo. Soma masharti ya mchezo wako kwanza, na kama hayaeleweki uliza kabla ya kucheza.

Kwa gemu mnazozicheza wengi wenu wala halina utata. PUBG Mobile huwafungia akaunti kwa miaka 10 wanaokutwa na programu za udanganyifu. Free Fire hufunga akaunti moja kwa moja. Programu ya kubofya yenyewe imo, hata kama umeiandika mwenyewe ukiwa Nkwenda au Kayanga.

Nilimuuliza yule kijana swali moja: unaocheza nao wanajua? Akanyamaza. Nadhani pale alijijibu. Daftari lako la mbinu unaweza kumwonyesha mpinzani, labda utaona wivu kidogo tu. Programu ile huwezi kumwonyesha.

Alinirudia na hoja mbili, na moja nakiri ina uzito. Alisema wenzake wa mjini wana simu kali na mtandao usiokatika, yeye simu inakwama na mtandao unapotea wakati wa kufyatua. Programu inasawazisha tu. Hapo nilimwelewa. Kutokuwa sawa kwa simu ni jambo la kweli na linauma. Lakini mama mwenye kahawa naye ni maskini kuliko mnunuzi, na bado hatumruhusu aweke mawe. Isitoshe, programu yake haichagui: inampiga mwenye simu kali, na inampiga pia kijana wa Kaisho mwenye simu kama ya kwake. Hoja ya pili, kwamba kila mtu anafanya, sikuijibu kwa maneno mengi. Hiyo tumeisikia sana huku kwetu kwenye magendo ya kahawa ya kuvusha Uganda, na haijawahi kumfaa mtu mbele ya hakimu, sembuse kwenye kitubio.

Je, ni dhambi kubwa? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inasema kudanganya michezoni ni jambo zito, isipokuwa pale ambapo hasara ni ndogo hata aliyeipata asiweze kuihesabu kama hasara. Wengi wanashtuka kusikia hivyo. Walidhani gemu ni gemu tu. Lakini tusipitilize pia. Jambo zito peke yake halifanyi dhambi ya mauti. Lazima ujue na ukubali kwa hiari. Ukicheza peke yako dhidi ya kompyuta, gemu ya kulima shamba la kwenye simu, na programu yako ikakuvunia mahindi ya bandia usiku umelala, sioni uliyemwibia. Umevunja sharti la mwenye gemu kama lipo, na pengine umepoteza chaji. Usije kwa padre unatetemeka kwa hilo.

Uzito unakuja pale kuna watu. Na unaongezeka pale kuna hela. Hapa ndo yule kijana aliniambia alichokuwa amekificha muda wote: walikuwa wamefanya mashindano kati yao, wamechangishana, na zawadi kachukua yeye.

Hapo mazungumzo yakabadilika. Katekisimu namba 2412 inataka mtu arudishe alichokichukua isivyo haki, na toba isiyogusa mfuko ina kasoro. Zakayo hakumwambia Yesu tu kwamba anasikitika. Chukua mfano: wachezaji 16, kila mmoja ametoa shilingi 2,000, jumla 32,000, na mshindi kapewa 20,000. Hiyo 20,000 siyo yake. Hata akiifuta programu leo, hata akifungua akaunti mpya na kucheza safi mwaka mzima, bado siyo yake. Na kuitoa kwenye sadaka ya Jumapili hakutoshi, maana wenye nayo wanajulikana kwa majina, baadhi wanakaa naye benchi moja kanisani.

Aliogopa aibu, na aibu ya kijijini siyo mchezo. Nikamweleza kwamba halazimiki kusimama mbele ya jumuiya na kujitangaza. Anaweza kwenda kuungama, akamwomba padre amsaidie kufikisha hela kwa mwandaaji bila jina lake kutajwa. Mapadre wanalijua jambo hili na siri ya kitubio inamlinda. Kama hela ameshaitumia, anaweza kurudisha kidogo kidogo, tano tano, msimu wa maharage si huo unakuja.

Aliuliza, na ile programu? Nikamwambia asiifute. Aiondoe kwenye simu anayochezea, aihifadhi, na siku nyingine anionyeshe aliandikaje sehemu ya muda, maana mimi hiyo inanishinda.