Kabla ya Kukemea, Kagua

Somo: Yoshua 7:1–26, Yohana 9:1–7, Wakolosai 2:19



Fungua Biblia yako, Yoshua sura ya saba. Israeli wametoka Yeriko juzi tu. Kuta zimeanguka bila mtu kuzisukuma, na kila mmoja anatembea kifua mbele. Mbele yao kuna kamji kadogo kanaitwa Ai. Wapelelezi wanarudi na ripoti kwamba hakuna haja ya kuchosha watu wote, elfu mbili au tatu wanatosha. Wanapanda kama 3,000. Wanarudi mbio, na watu 36 wamekufa.

Yoshua anafanya nini? Anararua mavazi yake, anaanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana mpaka jioni, yeye na wazee, mavumbi kichwani. Hayo ni maombi, wapendwa, tena si ya dakika mbili. Lakini tazama jibu katika mstari wa kumi. Mungu hamwambii aongeze sauti. Anamwambia asimame, na anamuuliza kwa nini amelala chini namna hiyo. Kuna kitu kambini kinachotakiwa kutafutwa, na mtu aliyelala kifudifudi hawezi kukitafuta.

Ujumbe wangu leo ni mfupi: kabla ya kukemea, kagua. Mwambie jirani yako, "Kagua!"

FENI ZINAZUNGUKA, SKRINI NI NYEUSI

Kuna kijana wa hapa kwetu Ruiru, amenipa ruhusa niseme habari yake bila jina. Anafanya kazi ya boda. Kwa miezi minane aliweka akiba kidogo kidogo, maana anajifunza kuchora kadi za harusi na mabango, na kompyuta ya kufanya kazi hiyo ikiwa imeshaundwa ilikuwa juu ya uwezo wake. Akaamua kuiunda mwenyewe. Mama yake alipopata zamu yake ya chama, akamwongezea. Vipande vingine alivitoa Luthuli Avenue, Nairobi, vya mtumba. Kasha lenyewe alipewa na jirani.

Jumamosi moja akaviunganisha vyote juu ya meza ya kulia chakula. Akabonyeza swichi. Feni zikazunguka, taa zikawaka, na skrini ikabaki nyeusi. Akazima, akawasha. Nyeusi. Jumapili nyeusi, Jumatatu nyeusi, Jumanne nyeusi.

Hapo maneno yakaanza. Mtu mmoja akamkumbusha mama kwamba marehemu mume wake alianza nyumba akaiacha kwenye linta. Mwingine akakumbuka mjomba aliyefungua duka likafungwa kabla ya mwaka kuisha. "Mama, hii familia haimalizi kitu. Hii ni laana." Na kumbe kulikuwa na mtu tayari kuivunja hiyo laana, kwa sadaka maalum. Kiasi alichotajiwa mama kilikaribia bei ya kompyuta yenyewe. Kijana, kwa kumpenda mama yake, akaamua aiuze kipande kwa kipande ili hiyo sadaka ipatikane. Ndipo nikapigiwa simu.

Nilienda Jumatano jioni na dada mmoja wa kwaya aliyesomea mambo ya kompyuta. Tuliomba kwanza, mtu asije akanielewa vibaya. Tulipomaliza kusema "Amina", dada akatoa bisibisi kwenye mkoba wake. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi ya simu.

Alianza na skrini. Akaichomeka kwenye dekoda ya TV, picha ikatokea. "Skrini ni nzima," akasema. Akatoa vipande viwili vya kumbukumbu, ile mafundi huita RAM, akarudisha kimoja na kukisukuma mpaka vibanio vikalia "ka!" Nyeusi. Akajaribu kile kingine. Nyeusi. Akafuata kebo ya picha kuona kama imechomekwa mahali pake. Iko sawa. Kisha akaniambia, "Pasta, hebu leta tochi huku juu."

Kwenye pembe ya bodi, karibu na prosesa, kulikuwa na tundu dogo la pini nne. Tupu. Waya wake ulikuwapo, umejificha nyuma ya kasha. Kijana alikuwa amechomeka ule waya mnene wa pini 24 unaopeleka stima kwenye bodi, akadhani yametosha. Lakini prosesa, ambayo ndiyo ubongo, ina waya wake.

Dada akauchomeka. Kijana akabonyeza swichi. Maandishi meupe yakatokea kwenye skrini, na mama akapiga kigelegele mpaka majirani wakaja mlangoni. Ile "laana ya ukoo" ilikuwa waya wa pini nne.

Nimeitafakari jioni ile, nikaona Bwana ametufundisha mambo manne.

1. MAOMBI HAYAKUONDOLEI KAZI YA KUTAZAMA

Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, wahandisi walikuwa na kompyuta moja kubwa inayoitwa Mark II. Ikawa na hitilafu. Wakaifungua, wakapekua, wakakuta nondo, yule mdudu anayekuja kwenye taa usiku, amekwama ndani ya swichi moja. Wakamtoa, wakambandika kwenye daftari lao la kazi. Wahandisi walikuwa wameshazoea kuita hitilafu "mdudu". Siku hiyo wakampata mdudu wa kweli.

Wao walifungua wakatazama. Sisi, nawaambia ukweli, tungeuliza ni nani amemtuma huyo nondo.

Yoshua aliomba, na Mungu akamjibu. Jibu lenyewe likawa ni simama ukatafute. Kwa yule kijana tuliomba, na naamini Mungu alijibu kwa dada mwenye bisibisi. Usidharau jibu la maombi kwa sababu limekuja na mkoba badala ya radi.

2. KAGUA KIMOJA KIMOJA

Mungu alijua jina la Akani tangu mwanzo. Angeweza kulitaja usiku uleule. Lakini soma mstari wa 14 mpaka wa 18: asubuhi Israeli wanaletwa kabila kwa kabila, na Yuda anatwaliwa. Kisha ukoo, Wazera. Kisha nyumba, ya Zabdi. Kisha mtu kwa mtu, mpaka Akani. Kabila zima la Yuda halikuhukumiwa. Ukoo wote haukuitwa umelaaniwa. Upana wa tatizo ulipunguzwa hatua kwa hatua mpaka kikaonekana kile kilichofukiwa chini ya hema moja.

Ndivyo fundi mzuri anavyofanya. Skrini ni nzima? Weka kando. RAM hii ni nzima? Weka kando. Na habadilishi vitu vitano kwa mara moja, maana mashine ikiwaka hatajua ni nini kilichoiponya.

Sasa wewe unasema, "Ndoa yangu imeharibika." Ndoa yote? Hebu tenga. Ni pesa? Ni simu? Ni mashemeji? Au ni kwamba hamjakaa meza moja mkaongea tangu Pasaka? Unasema, "Biashara yangu imefungwa na adui." Umefungua daftari? Nani anakula kwa deni? Ulinunua kwa bei gani ukauza kwa gani? Mtu anayesema "kila kitu ni kibaya" hajakagua chochote bado.

3. FENI KUZUNGUKA SI UHAI

Hili ndilo lililonichoma. Ile mashine haikuonekana imekufa. Ilikuwa na mwanga, ilikuwa na sauti, upepo ulikuwa unatoka. Mtu akipita mlangoni angesema, "Inafanya kazi." Lakini stima haikufika kwenye ubongo, kwa hiyo hakuna kilichotokea kwenye skrini.

Paulo katika Wakolosai 2:19 anasema juu ya watu walioacha kushikamana na Kichwa, yule ambaye kwake mwili wote unalishwa na kuunganishwa kwa viungo na mishipa. Kanisa linaweza kuwa na spika kubwa, ngoma, taa za rangi na sare za kwaya mpya, na bado waya wa Kichwa uko nyuma ya kasha. Mkristo anaweza kuwa na Jumapili, Jumatano na kesha ya Ijumaa, feni zinazunguka kweli kweli, lakini nyumbani wanaotazama skrini wanaona giza. Watoto wanaona giza. Mfanyakazi wako wa nyumbani anaona giza.

Usiniambie feni zako zinazunguka kwa kasi gani. Niambie, umechomekwa kwa Kristo?

4. KUNA MAMBO YA KUKAGUA KABLA YA KUWASHA

Prosesa ina alama ndogo ya pembetatu kwenye kona yake. Ukiilinganisha na alama ya kwenye bodi, inakaa yenyewe. Ukiona unatumia nguvu, simama, umekosea mahali. Ukisukuma, pini zinapinda, na hapo ni hasara. Soma 1 Wafalme 6:7 ujionee: mawe ya hekalu la Sulemani yalitayarishwa kule kule machimboni, hata nyumba ilipokuwa inajengwa hakukusikika nyundo wala shoka. Kilichoandaliwa vizuri hakihitaji kugongwa.

Na jambo lingine. Pawa saplai nyingine zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, 115 upande mmoja, 230 upande mwingine. Stima yetu ya Kenya ni volti 240. Swichi ikiwa kwenye 115 nawe uchomeke kwa ukuta, utasikia mlipuko, na moshi utoke. Kukemea moshi hakurudishi pawa saplai.

Vijana, sikieni. Uchumba, kagua kabla ya harusi. Mkopo wa simu, soma masharti kabla ya kukubali. Ploti, nenda ukatafute rekodi za ardhi kabla ya kulipa deposti. Hapa Ruiru mnajua watu waliolia. Kukagua kabla ya kuwasha ni hekima, wala si kukosa imani.

JE, KILA HITILAFU NI DHAMBI?

Mtu ataniuliza, "Pasta, si kule Ai kulikuwa na dhambi?" Ndiyo, kulikuwa. Akani alificha vazi, fedha na kabari ya dhahabu. Ukikagua ukakuta kitu kimefukiwa chini ya hema lako, kitoe, tubu, usikiite waya.

Lakini fungua Yohana 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa yote mawili. Wao walitaka mtu wa kulaumiwa. Yesu alitazama kazi ya Mungu inayotakiwa kufanyika, akatema mate, akafanya tope, akamtuma mtu akanawe. Mara nyingine ni dhambi, mara nyingine ni waya. Hutajua mpaka ukague.

Shetani yupo, na katika jina la Yesu tutamkemea. Lakini usimpe sifa ya kazi ambayo hakuifanya.

Na nyinyi mnaowaambia vijana kwamba "watu wa familia yenu hawamalizi kitu", nyamazeni. Hapo tu Juja, JKUAT ilikuwa mmoja wa vyuo vikuu viwili, pamoja na Moi, vilivyoshirikishwa katika kuunganisha vifaa vya kidijitali vya shule za msingi, katika mpango ulioanza kupeleka vifaa shuleni mwaka 2016. Vijana wa nchi hii wana mikono ya kuunda. Hawahitaji laana ya kubuni. Wanahitaji mtu wa kushika tochi.

Na neno la mwisho kwa akina mama. Naamani alipona, akataka kulipa, Elisha akakataa. Gehazi akamkimbilia nyuma akachukua fedha, na ukoma ukamfuata (2 Wafalme 5). Maombi hayauzwi. Mtu yeyote, hata kama ni mimi, akikwambia laana yako ina bei, chukua mkoba wako urudi nyumbani. Yule mama hakutoa hiyo sadaka. Kijana bado anafanya boda asubuhi, na jioni anachora mabango. Kasha lake bado halina kifuniko cha upande mmoja, lakini skrini inawaka.

KAZI YA WIKI HII

Kompyuta ikiwashwa, kabla haijaonyesha chochote, inajikagua yenyewe: kumbukumbu ipo? kibodi ipo? Paulo naye anatuagiza tujijaribu wenyewe kama tumo katika imani (2 Wakorintho 13:5). Basi wiki hii:

– Chagua jambo moja ambalo umekuwa ukilikemea kwa muda mrefu. Moja tu.

– Liandike kwenye karatasi, uligawanye vipande. Kagua kimoja kila siku.

– Mtafute mtu mmoja anayejua kuliko wewe, umwombe akutazamie. Usione haya.

– Katika seli ya nyumbani mwulizane: ni wapi feni zetu zinazunguka lakini skrini ni nyeusi?

Tuombe. Bwana Yesu, wewe ndiwe Kichwa. Tusamehe tulipopiga kelele pale ulipotuambia tusimame. Tupe macho ya kuona kilichofichwa, moyo wa kutoa kilicho dhambi, na uvumilivu wa kuchomeka kilichochomoka. Wakomboe mama zetu na wanaouza maombi. Bariki mikono ya vijana wa Ruiru, wamalize walichoanza. Katika jina la Yesu, Amina.