Aibu Haitoki Sakafuni

Mtoto anayehama kutoka shule ya maskini kwenda ya wenye nacho, au kutoka huko kurudi kwa maskini, huhama na kila kilicho chake: jina, akili, ukoo na dini. Kinachobadilika ni jicho linalomtazama. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wamehangaika nalo tangu zamani: utu wa mtu umo ndani yake, au hupewa na mahali alipoketishwa?

Buguruni, swali hili halihitaji kitabu. Kata hii ya Ilala, jijini Dar es Salaam, pale Barabara ya Uhuru inapokutana na ya Mandela, ina nyumba nyingi za Kiswahili zenye korido katikati, na wapangaji wake hukaa familia nzima chumba kimoja. Watoto wengi wa hapo husoma shule za msingi za serikali, zile ambazo mtaani huitwa kayumba. Lakini alfajiri basi dogo la shule, lenye jina la mtakatifu au la akademia ubavuni, husimama kando ya barabara kuchukua watoto wa ingilishi midiamu. Mara nyingine aliyepanda basi na aliyekwenda kwa miguu wametoka nyumba moja.

Maisha ya kayumba yana alama ambazo aliyepita hazisahau: mchakamchaka wa asubuhi, kidumu cha maji, ufagio wa chelewa ulioagizwa kutoka nyumbani, mihogo ya kukaanga na barafu wakati wa mapumziko. Dawati la wawili hukaliwa na wanne, na likijaa, aliyebaki hukaa chini. Michango ya lazima ilipofutwa kwa waraka wa elimu wa mwaka 2015, Januari 2016 watoto walifurika kwa wingi kiasi kwamba Rais John Magufuli aliwaagiza viongozi wa mikoa na wilaya wamalize upungufu wa madawati, na nchi nzima ikawa inachonga. Wazazi waliitikia kwa furaha waliposikia mlango uko wazi. Ndani ya mlango ndiko nafasi ilikokosekana.

Anayehamia shule ya kulipia hukuta chakula cha mchana, vitabu vya kumtosha, na mwalimu anayemjua kwa jina. Hukuta pia hasara ambayo mzazi hakuihesabu. Mtoto aliyekuwa akishika namba za juu, anayeweza kutafuta kigawe kidogo cha shirika kwa kichwa na kueleza usanisinuru bila kusita, anaulizwa mambo yaleyale kwa Kiingereza na kunyamaza. Ukimya wake huchukuliwa kuwa ujinga, naye hurudishwa darasa moja au mawili nyuma. Katika baadhi ya shule hizo kusema Kiswahili ni kosa lenye adhabu. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi wanafunzi wa Kenya ya kikoloni walivyoadhibiwa kwa kusema Kikikuyu. Adhabu ya namna hiyo inamfundisha mtoto kwamba lugha aliyobembelezwa nayo ni uchafu wa kuacha getini. Hakuna somo lililoandikwa kwenye ratiba linaloingia ndani ya moyo kwa kina hicho.

Safari ya kurudi nyuma haisemwi sana, ingawa ni ya kawaida. Ada nyingi Buguruni hutegemea biashara ya Kariakoo au ya sokoni palepale, na biashara ina siku zake. Moto ulioteketeza soko kuu la Kariakoo usiku wa Julai 10, 2021 ulionyesha jinsi mtaji wa miaka unavyoweza kuisha kabla ya kupambazuka. Mtaji ukifa, mtoto hurudi kayumba na Kiingereza chake, na wenzake humwita mzungu. Safari hii tena hajabadilika yeye, limebadilika jicho.

Mipaka hii si mipya. Chini ya utawala wa Waingereza shule za Tanganyika ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila kundi na majengo yake na fungu lake la fedha. Kuanzia mwaka 1962 utaratibu huo ulifutwa. Machi 1967 Rais Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akikosoa elimu inayomfanya mwanafunzi ajione wa tabaka tofauti na wazazi wake. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini chini ya serikali, na Azimio la Musoma la 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, lengo likiwa mwaka 1977. Sare ya shule ilikuwa sehemu ya fikra hiyo. Mwanauchumi Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba katika Ulaya ya wakati wake hata kibarua aliona aibu kutokea mbele za watu bila shati la kitani; kwa hiyo shati hilo lilikuwa hitaji la lazima, ingawa mwili ungeweza kuishi bila hilo. Shati jeupe la mwanafunzi wa Tanzania lilifanya kazi iyo hiyo. Lilikusudiwa kuondoa swali la mtoto wa nani.

Ni haki kusema pia kwamba usawa ule ulilipiwa kwa gharama kubwa. Walimu wengi waliandaliwa haraka, majengo yakachakaa, na vitabu vikapungua. Miaka ya 1990, sera ya elimu ya 1995 ikiwemo, milango ilifunguliwa kwa shule binafsi, na wazazi wenye uwezo wakakimbilia huko. Hawastahili kulaumiwa, mzazi hawezi kumfanya mwanawe kafara ya nadharia. Lakini ukuta uliovunjwa mwaka 1962 ulijengwa upya, safari hii kwa matofali ya ada.

Dini zote mbili kubwa za Buguruni zina maandiko yanayogusa jambo hili kwa karibu mno. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, unasimulia watu wawili wanaoingia mkutanoni: mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri, mwingine ana nguo chakavu. Wa kwanza anapewa kiti cha heshima. Wa pili anaambiwa asimame, au akae chini. Yakobo haulizi kama maskini aliumia mgongo. Anawaambia waliopanga viti kwamba wamekuwa mahakimu wenye mawazo maovu. Kosa liko katika kupanga.

Sura ya Abasa, ya 80 katika Kurani, inahusu mafunzo yenyewe. Kwa mapokeo mashuhuri ya wafasiri, Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakuu wa Makureshi, akitarajia wasilimu, ndipo akaja Abdullah bin Ummi Maktum, mtu asiyeona, akiomba afundishwe. Mtume alikunja uso na kugeuka, na aya zikateremka kumwonya: aliyejiona hahitaji kitu alishughulikiwa, na aliyekuja mbio akitafuta elimu aliachwa. Uzito wa kisa hiki uko katika udogo wa tendo. Asiyeona hakuliona hata paji lililokunjwa, bado jambo hilo halikuachwa lipite. Mwalimu yeyote mwenye darasa la watoto mia anaweza kusoma sura hiyo na kujiuliza ni nani aliyemgeukia leo.

Ushahidi wa tatu unatoka madrasa. Alasiri, mtoto wa basi na mtoto wa miguu hukutana chuoni, kila mmoja na juzuu yake, wakaketi kwenye jamvi moja. Wote wako chini, na hakuna anayeona haya. Msikitini ni hivyo hivyo: tajiri na mchukuzi husujudu bega kwa bega. Sakafu basi haina aibu ndani yake. Aibu huingia pale mmoja anapowekwa chini huku mwenzake akipewa kiti, kisha mpangilio huo ukaelezwa kuwa ndio kipimo cha akili zao.

Kuna wanaojibu kwamba shida humkomaza mtoto, na huwataja wakubwa waliosoma chini ya mwembe. Jibu hili lina kasoro moja nzito: wanaosimulia ni waliofika. Wale walioishia darasa la saba hawaalikwi kusimulia. Mwanafalsafa John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu haki, alipendekeza watu wachague utaratibu wa jamii bila kujua wataangukia nafasi gani. Mtoto aliyehama hana haja ya kufikirishwa hivyo, kwa kuwa ameishi kote kuwili na anajua kwa mwili wake kwamba aliyeketi sakafuni na aliyeketi kwenye kiti alikuwa mtu mmoja.

Ndiyo maana kumbukumbu yake ni ushahidi, na ndiyo maana inasikitisha kwamba wengi huificha. Akishapata kazi, aliyehama huitaja shule ya pili tu. Mwanafalsafa John Locke alifundisha kwamba mtu hubaki yuleyule kwa kukumbuka. Kwa kipimo hicho, anayefuta miaka ya kayumba anajipunguza mwenyewe, na pia anaiondolea jamii shahidi.

Kwa walimu, mambo haya yanaanzia siku ya uhamisho. Mtoto anayetoka kayumba anaweza kupimwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili kabla ya kupangiwa darasa, ili upungufu wa lugha usiandikwe kuwa upungufu wa akili. Anayerudi kayumba naye anaweza kupokelewa bila kuulizwa mstarini, mbele ya wenzake, kwa nini ameondoka kule.