Je, Yafaa Mke Kujipaka Dawa Ili Awe Mweupe?

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mngu na kumsalia Mtume wake, alinijia mtu baada ya sala ya alasiri, nami ningali msikitini, akaniuliza: "Maalim, mke wangu ajikoboa uso. Je, ni haramu?" Nikamjibu kuwa swali lake lina milango miwili, na wa pili huenda usimpendeze.

Mlango wa kwanza ni wa fikihi. Asili ya pambo ni ruhusa. Liwa isuguliwayo juu ya msio kwa maji ya mawaridi, dalia, manjano, singo ya bibi arusi, hizi ni desturi za mama zetu, nazo huosheka, ngozi ikabaki vile ilivyoumbwa. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamemruhusu mke hata kutia wekundu usoni kwa idhini ya mumewe. (Walakini kilicho kizito kikazuia maji, na kioshwe kabla ya kutawadha.) Na imepokewa kwa Bibi Ummu Salama, Mngu amuwiye radhi, kuwa wanawake wa zama zao wakijipaka warsi, nao ni mmea wa rangi ya manjano utokao Yaman, kwa ajili ya madoa ya uso. Tazama vyema: kwa ajili ya madoa. Mwenye doa lililoletwa na mimba au jua, akalitibu, huyo airudisha rangi aliyopewa, na kurudisha si kubadili.

Ama akusudiaye kuiondoa rangi yenyewe, jambo lake ni jingine. Katika sura An-Nisaa, aya ya 119, kugeuza umbo la Mngu kumetajwa kuwa ni katika maamrisho ya shetani. Na katika sura Ar-Rum, aya ya 22, tafauti ya rangi zetu imehesabiwa katika ishara zake.

Wala tusidanganyike kwa kuambiwa dawa ni ya nyumbani. Maji ya ndimu yakipakwa usoni kisha mtu akatoka juani, huunguza, yakaacha weusi usiokuwako. Na manjano yasipoleta weupe, kwani hayauleti, wengi huingia katika mkorogo wa dukani. Humo huwamo zebaki, izuiayo ngozi kufanya rangi yake. Huingia mwilini, ikadhuru mafigo, ikamfikia na mtoto tumboni. Mataifa yaliafikiana katika mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kuwa tangu mwaka 2020 vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu 1 katika 1,000,000 visitengenezwe wala visiingizwe wala kutolewa nchini. Na hata hivi leo havijakwisha madukani. Hidrokwinoni nayo, ikitumiwa muda mrefu, huweza kuitia ngozi weusi wa kibuluu, ndio uleule uliokimbiwa. Lenye madhara kama haya halihitaji khitilafu ya wanavyuoni.

Sasa mlango wa pili, nao ni wetu sisi wanaume. Mtu akipeleka posa, huuliza kwanza, "Ni mweupe?", ndipo aulize sala yake na tabia yake, kama atauliza. Barazani twamsifu fulani kwa weupe, na binti zetu wako nyuma ya mlango wasikia. Mimi nasomesha chuoni, na nimemwona mtoto mwanamke, hajafika hata Juzuu Amma kuimaliza, aficha mikono chini ya msahafu kwa kuwa mwenziwe amemwita makaa. Yule mwenziwe ni mtoto. Neno lile hakulizua, amelisikia kwao. Kisha binti huyo akiolewa, akajichubua, twaja kwa masheikh kutaka fatwa juu yake!

Basi nikamuuliza yule bwana: "Ni nani aliyemfunza mkeo kuwa rangi yake ni aibu?"

Akasema hajui.

Nikamuuliza: "Hukupata kumsifu mwanamke mwingine kwa weupe wake, naye mkeo yupo?"

Akainama kitambo, kisha akasema: "Mara moja. Alikuwa akinipakulia chakula."