Kazi ya Asiyezidisha Kitu

Miongoni mwa masala ziwashughulishazo watu wa mwambao wenye mali bara ni hii. Mtu wa Tanga au wa Bagamoyo anunua ng'ombe ishirini mnadani, upande wa Dodoma, akampa Mgogo awachunge kwa ujira wa mwaka. Mwaka ukawa mkavu. Ulipokwisha, mwenye mali akaenda kuhesabu, akakuta ishirini vile vile, hawakuzidi wala hawakupungua. Akasema: "Huyu hakunifanyia kitu. Nimempa ishirini, amenirudishia ishirini. Ujira wa nini?"

Upande wa ujira hapana tabu. Mwenye kuajiriwa kwa muda maalumu amekwisha kuitoa nafsi yake na wakati wake, na ujira wamthubutia kwa hayo, si kwa idadi ya ndama. Na lau angeshurutishiwa ndama, mapatano yenyewe yangeingia ila, kwani ndama hajulikani kama atazaliwa. Hayo yatosha. Lakini nyuma ya maneno ya mwenye mali kuna dhana nyingine, nayo ni kubwa kuliko ng'ombe ishirini: ya kuwa kitu kilichobaki kama kilivyokuwa ni dalili kwamba hapana lililotendwa. Dhana hii ndiyo ipimwayo hapa. Na kipimo chake kimo katika mwili wa huyo huyo mwenye kunena, hata akiwa amelala usingizi.

Nchi ya Ugogo ni uwanda ulioinuka, na mji wa Dodoma uko juu ya bahari kwa mita 1,100 na zaidi. Mvua yake ni ya msimu mmoja, Disemba hata Aprili, nayo kwa wastani ni baina ya milimita 500 na 600 kwa mwaka. Iliyobaki ni jua na vumbi. Magharibi ya mji iko mbuga ya Bahi, ambamo maji ya mto Bubu huingia yakatuama. Jua huyakausha, chumvi ikabaki juu ya udongo. Wenyeji tangu zamani waliukwangua udongo huo, wakauchuja kwa maji, wakayachemsha maji yale hata chumvi ikakaa chini ya chungu. Ng'ombe nao waijua, huenda wakaramba ardhi. Sababu yake ni kwamba majani ya malisho yana potasiamu tele na sodiamu kidogo, na mwili wa mnyama, kama wa binadamu, hauishi ila kwa zote mbili.

Sodiamu ndiyo iliyomo katika chumvi ya chakula. Potasiamu imo katika majani, ndizi, maharage na nyama. Ni kama ndugu wawili wafananao: kila chembe yake iyeyukapo majini huchukua chaji moja ya umeme iliyo chanya, na chembe ya namna hiyo huitwa ayoni. Walakini ayoni ya sodiamu ni ndogo kuliko ya potasiamu, na khitilafu hii yatosha kuwatenga. Nje ya seli, yaani katika damu na maji ya mwili, sodiamu ni takriban milimoli 140 kwa lita moja, na potasiamu kama 4 tu. Ndani ya seli mambo yamepinduka: potasiamu ni kama 140, na sodiamu 10 au 15. Na kati ya ndani na nje hapana ila utando mwembamba wa mafuta.

Utando huo huvuja. Na desturi ya kila kiyeyukacho ni kutoka penye wingi kwenda penye uchache, kama donge la chumvi litiwalo mtungini, ambalo halina budi kuenea hata maji yote yawe na ladha moja. Basi yapasa kuulizwa: kwa nini miaka sitini au sabini ya uhai wa mtu haikutosha kwa ndani na nje kuwa sawasawa?

Jawabu ni kuwa yuko mlinzi. Ni protini moja iliyopita katika utando toka upande huu hata upande wa pili, nayo wenye elimu hiyo huiita pampu ya sodiamu na potasiamu. Kwanza huelekea ndani, na ndani yake mna nafasi tatu zilizo kadiri ya sodiamu. Ayoni tatu za sodiamu zikisha kukaa mahali pake, pampu huivunja chembe moja ya ATP, ambayo ndiyo riziki ya nguvu itengenezwayo na mwili kutokana na chakula, ikachukua kwayo fosfeti moja ikaibandika nafsini mwake. Kwa kubandikwa hiyo fosfeti umbo lake hugeuka: mlango wa ndani hufungwa, kisha wa nje hufunguka, na zile nafasi hubadilika zisiweze tena kuishika sodiamu, ikatoka. Sasa zimekuwa za kadiri ya potasiamu, ambayo ni nene zaidi. Ayoni mbili za potasiamu huingia kutoka nje, fosfeti hubanduka, mlango wa nje hufungwa, ATP nyingine huja ikaishika pampu ikairejesha umbo lake la kwanza, na potasiamu huachiliwa ndani. Haya hukariri makumi ya mara katika sekunde moja. Wala milango miwili haifunguki pamoja, kwani lau ingefunguka, kilichopandishwa kwa taabu kingeporomoka chote mara moja.

Aliyeidhihirisha pampu hii ni Jens Christian Skou, tabibu wa Denmark, katika chuo kikuu cha Aarhus. Alichukua mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa, akaisaga, akaona mna kitu kivunjacho ATP, na ya kuwa uvunjaji huo hupata nguvu pale sodiamu na potasiamu zinapokuwapo pamoja. Akaitangaza khabari yake mwaka 1957, na mwaka 1997 akapewa nusu ya tuzo ya Nobel ya kemia. Watu wa mwambao wamevunja miguu ya kaa tangu dahari, wala hapana aliyedhani kwamba mna hayo.

Turudi kwa aliyelala. Mtu asipoinua hata kidole, takriban moja ya tano au moja ya nne ya nguvu zote azitumiazo hupita katika pampu hizi, na katika ubongo ni kama nusu yake. Na aulizwe mwenye ng'ombe: nguvu zote hizo zimezalisha nini? Asubuhi sodiamu ni ile ile na potasiamu ni ile ile. Kwa hesabu yake yeye, usiku kucha hapakutendwa kitu.

Atasema mwenye kujadili: "Jiwe nalo hubaki kama lilivyo, wala halifanyi kazi." Kweli, na kwa hivyo yapasa kupambanua baina ya tulivu mbili. Iko ya jiwe, na ya mtungi ambao chumvi yake imekwisha kuenea: hiyo haihitaji kitu, kwani hapana tena pa kushuka. Ni utulivu wa maiti. Na iko ya seli, iliyosimama juu ya mteremko kwa kupanda kila dakika kadiri ya inavyoteremshwa. Kwa macho ni moja. Kuzijua ni kumzuia mlinzi: ikiwa hali itabaki, ilikuwa ya jiwe, ikiwa itaporomoka, ilikuwa ya kazi.

Na jaribio hili wawindaji walilifanya kabla ya matabibu. Wahadzabe wa upande wa ziwa Eyasi, kaskazini ya uwanda huu, hupaka mishale yao utomvu wa mti mfupi wenye shina nene na maua ya rangi ya waridi. Jamaa ya sumu hiyo ni ile ya msunguti, ambayo Wagiriama na Wakamba waijua sana. Sumu hizi huishika pampu kwa upande wa nje, ikasimama. Mshale waweza kuwa haukukata mshipa wala haukufika moyoni, na mnyama akenda mbio mbali, kisha moyo wake ukavurugika akaanguka. Hakuongezewa jeraha jingine. Amezuiliwa tu yule ambaye alikuwa "hafanyi kitu".

Wapo watakaokubali haya, kisha waseme: kulinda ni kazi, lakini ni duni, na iliyo tukufu ni kuchuma. Nao hawakutazama uchumo wasimama juu ya nini. Mshipa wa fahamu ukipeleka khabari, wafungua njia ndogo, sodiamu ikaingia kwa kasi kwa kuwa ilikwisha kuwekwa nje. Pasipo akiba hiyo mkono haujui kuwa umeungua. Utumbo nao huipokea sukari kwa kuifuatanisha na sodiamu iteremkayo kuingia ndani, na ndiyo siri ya maji ya chumvi na sukari anyweshwayo mwenye kuhara. Kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kikaenea mikoani, wengi waliokolewa kwa maji hayo. Kazi ya dawa ilikuwa ya mlinzi zaidi kuliko ya sukari.

Na Ugogo yenyewe ni shahidi. Katika nchi ya mvua kama ile, nafaka ya msimu mmoja huwekwa vihengeni kungojea msimu ambao huenda usije, na mwenye ng'ombe huwagawa kwa jamaa na rafiki wa mbali, ili ukame wa mahali pamoja usimmalize. Mgeni apitaye kwa gari la moshi huona tembe, ng'ombe na mtu aliyeegemea fimbo, akadhani ni nchi iliyolala. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wadachi, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka za watu hawa, na vijana wao wakachukuliwa kuwa wapagazi. Kisha mvua ikakosa. Ikaja njaa ya miaka 1918 hata 1920, ambayo Wagogo huiita Mtunya, wakafa watu kwa maelfu. Ukame ulikuwa umewazoea na wao wameuzoea. Kilichokuwa kigeni ni kukutwa na ukame ilhali walinzi wameondolewa na akiba imetwaliwa.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kila kulinda ni fadhila. Mwizi naye huilinda mali aliyoiba, na huchoka. Kuthibitisha kuwa ni kazi ni jambo moja, na kuisifu ni jambo jingine. Sifa hutazama kilindwacho, tena hutazama kadiri. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja, alipokuwa katika safari ya Zambezi pamoja na Livingstone, aliuweka mswaki wake mfukoni pamoja na sumu ya mishale. Alipousugua meno akaonja uchungu, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Kutokana na sumu hiyo ikapatikana dawa ya moyo. Kwani katika moyo uliodhoofu pampu ikizuiliwa kidogo, sodiamu huzidi ndani kidogo, na kwa sababu hiyo kalsiamu nayo hubaki zaidi, moyo ukakaza. Ikizuiliwa zaidi ya hapo, ni yale ya mnyama wa Eyasi.

Kondoa, kaskazini ya Dodoma, mifugo ilihifadhiwa hata ikazidi ardhi yenyewe, udongo ukachukuliwa na mvua yakabaki makorongo, na mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote itolewe katika sehemu iliyoharibika. Basi mwenye ng'ombe ishirini, akisha kumlipa mchungaji wake ujira kamili, bado ana swali la kumwuliza, nalo si kwamba kwa nini hawakuzidi, bali ni kwamba majani yako wapi.