Bima ya Afya: Ni Hiyari Gani Hii?



Katika elimu ya fiqhi neno hiyari lina masharti yake. Mtu hahesabiwi kuwa amechagua jambo mpaka awe na akili timamu, awe analijua analolichagua, na awe na uwezo wa kulifanya na wa kuliacha. Aliyetoa talaka chini ya upanga hakuchagua kuacha, na asiye na nauli wala masurufu hakuchagua kutohiji. Haya twayajua tangu chuoni. Lakini tukishafunga vitabu twayasahau, tukaanza kuwasema majirani zetu maneno ambayo kadhi yeyote angeyakataa. Twasema: "Fulani hana bima ya afya kwa kuwa hataki. Simu anayo, sare za harusi ananunua, bima ndiyo inayomshinda!"

Neno hilo "hataki" ndilo tunalotaka kulitazama leo.

Chukua mfano wa mvuvi wa Kimbiji, huko pwani ya kusini ya Kigamboni, mahali palipokuwa chini ya Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya. Mtu huyu hana mshahara. Bahari ikiwa shwari hupata, na siku moja njema huweza kulipa madeni ya wiki mbili. Kusi likikaza, ngalawa hukaa juu ya mchanga, na nyumba ikaishi kwa muhogo wa shambani na vitumbua anavyopika mama wa watoto. Nyumbani mwake wamo mke, watoto wanne, mama yake mzazi, na mtoto wa dada yake aliyefariki. Ugonjwa hautazami msimu. Aghlabu huja kusi, wakati wa baridi na vifua, pesa zikiwa hazipo.

Sasa mwambie mtu huyu achague.

Tuanze na wenzake wenye mshahara, kwani hapo ndipo panapoonekana ajabu ya jambo hili. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa serikali hakuulizwa kama anataka. Hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri akatia asilimia 3 nyingine, yeye akaenda zake. Hatujasikia mtu akisema mtumishi huyo amedhulumiwa. Ama mkulima na mvuvi, wao waliwekewa Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996 na kutungiwa sheria mwaka 2001, nao ulikuwa wa hiyari: ukitaka uingie, usipotaka ukae. Basi mwenye uwezo akalazimishwa, na asiye na uwezo akapewa uhuru. Ni uhuru wa namna gani huo, ambao alipewa yule tu asiyeweza kuutumia?

Mwaka 2018 mfuko huo ukatengenezwa upya. Mikoa mingi kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam kiwango kilikuwa kikubwa zaidi. Matibabu yake yalianzia zahanati yakaishia hospitali ya mkoa, Muhimbili haimo. Mwaka 2019 nao Mfuko wa Taifa ukatoa vifurushi vya watu binafsi, cha chini kabisa shilingi 192,000 kwa kijana mmoja peke yake. Vifurushi hivyo vilipewa majina: Najali, Wekeza, Timiza. Nisamehewe nikisema kwamba jina la kwanza lilikuwa na ukali ndani yake. Anayenunua anajali, je, yule mama wa Kimbiji anayekesha na mtoto mwenye homa, akimkanda kwa maji hadi alfajiri, yeye hajali?

Tena angalia hesabu ya watu sita: baba, mama na wategemezi wanne. Mvuvi wetu ana watu wanane. Hata akiuza wavu akalipa, lazima wawili wabaki nje. Amwache mama yake, ambaye radhi za Mwenyezi Mungu zimefungamana na radhi zake? Au amwache yatima aliyeachiwa na dada yake? Kalamu ya karani hutaka majina sita, na baba yule hulazimika kuamua. Hiyari ya kweli aliyobakishiwa ni hiyo.

Watu wengine watasema: kwa kuwa hiyari haifai, na ilazimishwe. Nao wana hoja, wala haifai kuipuuza. Mfuko wa hiyari huuliwa na hiyari yake. Kadi ya watoto iliyoitwa Toto Afya, shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ilianza mwaka 2016, na wazazi wengi walimkatia yule aliye mgonjwa wakawaacha wazima. Si kwa ubaya. Mwenye pesa ya kadi moja atamkatia nani? Lakini Mfuko ukawa unalipa mara nyingi kuliko ulichopokea, na mwezi wa Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa kwa muda. Bima ni wazima kuwabeba wagonjwa. Wazima wakikaa nje hapana bima.

Lakini kulazimisha nako kuna adabu yake. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote uliofikishwa Bungeni mwaka 2022 ulitajiwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita, na ulitaka bima ifungamanishwe na mambo kama leseni ya udereva na leseni ya biashara. Watu walipiga kelele, muswada ukaahirishwa. Sheria yenyewe ilipitishwa mwezi wa Novemba 2023, nayo inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na kuwawekea wasio na uwezo mfuko wa kuwalipia. Katika njia za kuujaza mfuko huo zimetajwa kodi za pombe na za michezo ya kubahatisha, jambo ambalo masheikh wetu watakuwa na la kusema juu yake, nasi twawaachia. Jirani zetu Kenya nao, tangu Oktoba 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hukadiriwa kipato chake, kisha akatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mara moja. Mchuuzi wa samaki wa Lamu ana lini pesa ya mwaka mzima mkononi?

Sheria yetu ililijua jambo hili zamani. Mtu akiua kwa makosa, bila ya kukusudia, dia haimwangukii peke yake; huwaangukia jamaa zake wa upande wa baba, wanaoitwa aqila. Nao hawaulizwi kama wanataka. Ni lazima juu yao, kwa kuwa balaa ile ingeweza kumfika yeyote miongoni mwao. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yetu sisi watu wa pwani, malipo hutawanywa katika miaka mitatu. Tajiri hutoa nusu dinari kwa mwaka, wa kati robo dinari, na fakiri hatoi kitu. Mahanafi wakasema kwamba walioandikwa katika daftari moja la posho, lile lililoasisiwa na Sayyidna Umar (R.A.), nao hubebana hivyo hivyo. Hapo pana lazima, pana kipimo cha uwezo, na pana muda. Hapana hata mmoja aliyeambiwa: achague mwenyewe, na asipoweza ni shauri lake.

Najua wako wanaojizuia kwa ajili ya dini, na hao wana haki ya kujibiwa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jidda mwishoni mwa mwaka 1985 liliharamisha bima ya biashara yenye ada maalumu kwa ajili ya gharari iliyomo, likakubali bima ya kusaidiana. Mfuko wa umma usiokusudia faida uko karibu zaidi na kusaidiana kuliko na biashara, ijapokuwa akiba zake huwekwa katika hati fungani zenye riba, na hilo ni dosari. Lakini kusema kweli, katika nyumba nyingi za pwani si gharari inayowazuia watu. Ni pesa.

Wala tusidanganyane kwamba asiye na kadi halipi. Tangu serikali ilipoanzisha uchangiaji wa gharama hospitalini mwaka 1993, analipa, tena kwa lazima iliyo nzito kuliko ya sheria. Mgonjwa akitolewa Kimbiji kupelekwa Vijibweni, kisha Temeke, kisha Muhimbili, kila kituo kina pesa yake na kila safari ina nauli yake. Minazi huwekwa rehani. Upatu wa mama huombwa kabla ya zamu. Baada ya sala ya Ijumaa shuka hutandazwa mlangoni, na watu hutia walichonacho. Nao wanaotia ni wavuvi wale wale ambao kusi hilo hilo limewakalisha pwani. Hiyo ni bima, ndugu msomaji. Ni bima ya maskini kumdhamini maskini, tajiri akiwa hayumo ndani yake.

Sasa imebaki kazi ya kuwajua wasio na uwezo, na kazi hiyo haifanyiki Dodoma. Wazee wa zaidi ya miaka 60 wasio na kipato wana msamaha wa malipo kwa sera ya serikali, lakini mzee huambiwa alete barua ya serikali ya mtaa, na barua hutaka nauli, kusubiri, na kumkuta mwenye muhuri. Kila mwisho wa Ramadhani kamati za misikiti yetu hukaa na kuandika nyumba zinazostahiki zakatul-fitri. Zaijua nyumba ya mjane, zamjua aliyepoteza chombo, zamjua mwenye watu wanane. Kwa nini daftari hilo lifungwe siku ya Idi, lisichukuliwe na wazee wa msikiti mpaka kwa mtendaji wa mtaa, kabla ya kusi kuanza?