Chuma Kisicho na Jina

Miaka michache iliyopita, katika duka la vyuma chakavu mjini Shinyanga, niliwakuta watu wakibishana juu ya kipande cha chuma. Kijana mmoja, mchimbaji mdogo, alikuwa amekileta kutoka upande wa Geita, alikokifukua alipokuwa akisafisha mdomo wa duara lake la dhahabu. Urefu wake ulikuwa kama shubiri moja na nusu. Upande mmoja ulikuwa mnene na bapa, umelainika kwa kutumika. Upande wa pili ulichongoka. Hakikuwa na tundu la kutilia mpini. Mwenye duka alikwisha kukiweka juu ya mizani.

Mwalimu mmoja alisema ni kitako cha mkuki wa mtemi. Kijana alidhani ni mchi wa kupondea mawe ya dhahabu, maana hiyo ndiyo kazi aijuayo. Nami, kwa majivuno ambayo leo yanitia haya, nilitamka kwamba ni jiwe la mizani la enzi ya Wajerumani. Mwenye duka peke yake hakukisia. Kwake yeye kisichojulikana ni chuma tu, na chuma kina bei kwa kilo.

Hapo ndipo lilipo swali. Je, kutojua kwetu kitu ni nini kwatupa haki ya kukitendea kana kwamba si kitu?

Mzee mmoja aliyekuja kutafuta bati alikitwaa kile chuma. Hakukichunguza. Alikishika upande wa ncha, akafumba ngumi, akaushusha mkono mara tatu hewani. Kisha akasema, "Hii nyundo." Tulicheka. Akaeleza kwamba ikichomekwa ardhini kwa ncha yake hugeuka fuawe, na nyundo nyingine hupiga juu yake. Basi chombo ni kimoja na majina ni mawili, na kinachoamua jina ni kazi iliyopo mkononi saa ile. Sisi tulikuwa tukilitafuta jina ndani ya umbo.

Mzee hakubuni. Nyundo za namna hii zilienea katika nchi za Maziwa Makuu. Nyundo na fuawe zilikuwamo miongoni mwa vitu vya enzi vya watawala wa Karagwe. Na kaburi la mfalme Cyirima Rujugira wa Rwanda lilipofukuliwa mwaka 1969, nyundo mbili za chuma zilikutwa humo. Upande wa Geita, mabingwa wa chuma walikuwa Warongo. Waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyolima mashamba ya Usukuma na kulipa mahari. Majembe rahisi ya viwanda vya Ulaya yalipoingia zama za ukoloni, tanuru zilizimika. Wahunzi wakabaki kufua vyuma vikuukuu. Mzee huyu, alivyotuambia, alimvukutia babu yake moto utotoni.

Mwenye duka, ambaye si mjinga, aliuliza, "Hao wahunzi si walikuwa wakifua upya majembe mabovu? Mimi nakosa nini?" Hoja hii ni nzito. Hakuna mhunzi aliyeabudu chuma. Lakini mhunzi aliyelitia jembe bovu motoni alijua ni jembe, alijua limemaliza kazi gani, na alijua litazaliwa nini. Sisi tulikuwa karibu kumaliza jambo tusilolijua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yataka masalio ya kale yatolewe taarifa. Hata hivyo, sheria haiwezi kumshika mkono mtu asiyejua kwamba alichobeba ni masalio.

Simlaumu kijana. Alikuwa na njaa, na duara lake lilikuwa halijatoa kitu. Aliuliza swali la haki kabisa: "Babu, ikiwa ni nyundo, bei yapanda?"

Mzee hakumjibu. Alimwuliza kama mahali pale palikuwa na vipande vya udongo uliochomwa, vyenye umbo la bomba, kwa kuwa kwa mabomba hayo upepo wa mivukuto huingia tanuruni.

"Vilikuwapo vingi, babu," kijana akasema. "Tulivijazia njia ya lori."